Mtumbwi wa Nyafuru na Kitanda cha Nyasi

"Kilichokazwa nyumbani hukazwa tena njiani." Vijana waliyasikia maneno hayo harusini, Mzee Masatu alipomshika bwana harusi mkono na kumwambia mbele ya watu wote, nao wakacheka kwa sababu zisizofaa kutajwa hapa. Kesho yake asubuhi, wakisugua masufuria pamoja na Bi Nyangeta, wakamuuliza asili ya maneno hayo. Akawaambia wasikilize huku wakisugua, kwani masikio hayashiki maganda ya nazi. Methali hii haikuzaliwa harusini, akasema, ilianza hivi.

Hapa kwetu Nyakaboja, ufukweni mwa ziwa, hapakuwa na fundi wa mitumbwi kumshinda Nyafuru. Tezo alirithi kwa baba yake, na wanaume waliomcheka mwanzoni kwa kuwa mwanamke waliishia kumpelekea mitumbwi yao inayovuja. Sifa zake zikavuka milima hadi kwa watu wa bwawani, waliokuwa hawana chombo cha kuvushia wagonjwa kwenda zahanati. Wakamwagiza mtumbwi. Hakuna mtumbwi wetu uliowahi kuagizwa kutoka mbali hivyo. Kama ungefika salama, jina la Nyakaboja lingefika nao. Kama ungevunjika njiani, wagonjwa wangeendelea kuzungushwa bwawa zima kwa machela, na Nyafuru asingeagizwa tena.

Siku ya kuusafirisha, trela likaletwa. Desturi yetu ni kwamba mtumbwi mpya haulazwi juu ya chuma kitupu. Hutandikiwa nyasi mbichi, nene, kama kitanda cha mzazi. Wanawake wakatandika. Kazi ya kufunga akapewa Masatu, shemeji yake Nyafuru, kijana wakati huo, mwenye mikono ya kung'oa visiki. Akapitisha mikanda mipana juu ya mtumbwi, mbele na nyuma, akanasisha kulabu zake kwenye vyuma vya trela, akavuta mpini wa kikazio hata mkanda ukawa unalia ukipigwa kidole. Watu wakamshangilia, na kwa kweli alistahili.

Tulikuwa na desturi nyingine pia: mtumbwi uliokwisha kusindikizwa hausimamishwi mpaka uguse maji. Kuusimamisha ni kuutia mkosi, tena ni kumtukana aliyeufunga. Basi gari likaondoka polepole likivuta trela, Nyafuru kando ya dereva, wanawake nyuma wakiimba, Masatu mbele yao akitembea kifua mbele. Nyafuru alijaa fahari hata akashindwa kuitikia wimbo.

Barabara ilikuwa ya mawe. Walipofika chini ya kilima, Nyafuru akasikia kitu kikigonga huko nyuma. Akageuka, akaona mkanda wa nyuma unacheza. Akaelewa papo hapo: mtikisiko umezilaza nyasi, mtumbwi umeshuka, na mikanda imebaki ikikumbatia hewa. Mbele kulikuwa na kilima chenyewe, na ng'ambo yake mteremko wenye korongo. Nyuma kulikuwa na kijiji kizima kinaimba. Akisimama, atamwaibisha shemeji yake na kuvunja desturi ya wazee. Asiposimama, mtumbwi utaishia korongoni. Akamwambia dereva asimame.

Wimbo ukakatika. Masatu akaja mbio, uso umemwiva.

"Shemeji, unanivua nguo mbele za watu?"

"Hukukosea, shemeji. Ulikaza vizuri sana, ila nyasi zimelala," Nyafuru akasema, akampisha. "Waliokushangilia nyumbani ndio hawa hapa. Kaza tena, wakuone."

Masatu akapitisha kidole chini ya mkanda, kisha ngumi nzima ikapita. Angeweza kununa akarudi zake. Badala yake akavua shati, akakaza mkanda mmoja baada ya mwingine mpaka yote ikalia tena, kisha akawageukia wasindikizaji.

"Msiseme Masatu alifunga vibaya, wala msiseme mtumbwi una mkosi," akasema. "Semeni kwamba kilichokazwa nyumbani hukazwa tena njiani."

Akapanda gari bila kualikwa, na kila barabara ilipobadilika alishuka kukagua. Kwenye ule mteremko gurudumu la trela liliingia shimoni, trela likainama upande wa korongo, Nyafuru akafumba macho. Alipofumbua, mtumbwi ulikuwa haujasogea hata unene wa ukucha. Jioni hiyo ukavusha mgonjwa wa kwanza. Watu wa bwawani wakauliza umetoka wapi, na Nyafuru akalitamka jina la Nyakaboja huku analia, wala hakujificha. Tangu hapo, kila mtumbwi wetu husimamishwa chini ya kilima na kukazwa tena, na vigelegele hupigwa pale, si nyumbani.

Msichana mmoja akauliza kama Mzee Masatu haoni haya kuyatangaza yale.

"Haya ya nini?" akasema Bi Nyangeta. "Ni methali ngapi mnazozijua ambazo mwenyewe bado yupo hai, na jana mmekula naye pilau?"

Nje, maharusi walikuwa wanaondoka. Godoro na masanduku yalikuwa juu ya gari, na Mzee Masatu alilizunguka akijaribu kamba kwa kidole. Bwana harusi akamhakikishia kwamba amezikaza mwenyewe, kwa nguvu zake zote.

"Najua, mwanangu, na umekaza vizuri," mzee akasema, akimtazama yeye na mkewe. "Lakini kilichokazwa nyumbani hukazwa tena njiani."

Safari hii vijana hawakucheka.