Mchicha wa Sultani Daruweshi

Palikuwa na Sultani mmoja, Daruweshi jina lake, mtu ambaye tumbo lilimtangulia hatua mbili kila aendapo. Majeshi yalimtii. Mawaziri walimtii. Watoto wake watatu, wapi! Wakiona mboga za majani tu, vinywa vinafungwa kama chaza.

Mpishi alijaribu kuficha mchicha ndani ya sambusa. Kitindamimba akauchomoa jani kwa jani, akaupanga ukingoni mwa sahani. Bamia nazo? "Zinateleza kama kamasi," akasema Zuwena, binti mkubwa, na wote watatu wakalia mpaka wakapewa halua.

Tabibu akaonya kwamba watoto wasipokula majani, matumbo hayataacha kuwauma. Sultani akatafuta wa kumlaumu. Akampata Mwanakheri, mjane aliyelima na kuuza mboga pale mjini. Akaitwa barazani.

"Mboga zako mbovu," Sultani akanguruma. "Wanangu hawazili."

"Mbuzi wako wanazila, Mtukufu. Tena hawadai halua."

"Kimya! Kesho mchana utawalisha wewe. Usiwachape, usiwahonge, usiwadanganye. Ukishindwa, bustani yako naifanya banda la farasi."

Jamani, Mwanakheri alishikwa na hofu. Bustani ile ndiyo pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe. Lakini ulimi wake haukuwa na habari na hofu hiyo.

"Nimekubali, Mtukufu. Ila hapo jamvini amri ziwe zangu, na kila aliyeketi anitii."

"Kila aliyeketi!" akasema Sultani, akaapa mbele ya mawaziri wote.

Kesho yake jamvi likatandikwa, mawaziri wakasimama pembeni. Sultani akaketi, wanawe wakaketi. Mwanakheri akaweka bakuli la mchicha wa nazi na bakuli la bamia. Watoto wakafumba vinywa. Yeye wala hakuwatazama. Akalisukuma bakuli la mchicha mpaka mbele ya Sultani.

"Kula, Mtukufu."

"Mimi?"

"Si umeketi?"

Sultani akauangalia mchicha. Mchicha ukamwangalia.

"Nimeshiba," akasema.

"Hujagusa kitu."

"Tumbo linaniuma."

"Limeanza lini?"

"Sasa hivi. Halafu… mchicha una rangi ya kijani."

Watoto wakatazamana. Maneno hayo waliyajua vizuri sana! Wakacheka mpaka wakaegemeana.

"Wanangu," akasema Mwanakheri, "baba yenu kazi imemshinda. Nani atamsaidia?"

Zuwena akajisogeza, tonge mkononi. "Baba, fumbua mdomo. Sema aaa!"

Sultani akakaza meno, akageuza uso ukutani.

"Mbona rahisi, baba! Nitazame mimi." Akalitia tonge kinywani mwake, akatafuna, akameza.

"Wewe hujui kumwonyesha!" akadakia wa pili. "Baba, nitazame mimi!" Akabugia matonge matatu mfululizo. Kitindamimba naye hakukubali kupitwa. Akazivaa bamia, utelezi ukamchuruzika hadi kidevuni. Wakagombania bakuli. Wakasukumana kwa viwiko. Kila mmoja alitaka kuwa ndiye mwalimu wa baba.

Mwisho Sultani, jasho likimtoka, akameza jani moja. Moja tu! Wanawe wakapiga makofi, wakamfuta ndevu, wakamwambia amekuwa mkubwa sasa. Mabakuli yalikuwa meupe. Mawaziri walikuwa wameziba midomo kwa mikono, mabega yanatikisika.

Sultani akasimama, uso umemwiva kama pilipili.

"Bustani chukua, sikatai! Lakini umenifedhehesha mbele ya watu wangu. Mimi nilikuamuru uwalishe watoto watatu!"

"Nisamehe, Mtukufu," akasema Mwanakheri, akikusanya mabakuli yake. "Nilipofika, nilihesabu wanne."