Mkono Uliopewa Koti

Bisha. Bisha sasa hivi, mapema, ili usinikatize katikati. Nasema kuna nchi ambako maji ya ziwa hugeuka sakafu, watu wakayakanyaga kwa viatu na kuegesha magari juu yake, na hakuna hata mmoja wao aliye mtume. Wanatoboa tundu kwa keekee ndefu kama mtu, wanakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wanavua. Ninyi wenye vyeti mnatikisa vichwa. Tikiseni. Samaki hawajui nani alimaliza shule na nani aliruka ukuta.

Mtu mmoja katika nchi hiyo alikuwa na mdomo mkubwa na koti jembamba. Aliitwa Wilonja, mzaliwa wa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, na vita ndivyo vilivyomtupa kwenye baridi ile. Kabla hajajua njia ya kwenda dukani, alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisani kwamba huko kwao migebuka wakisikia jina lake hupanda mtumbwini wenyewe, wakajipanga kwa ukubwa. Watu walicheka wakamzoea. Lakini Wilonja alimpenda binti mmoja, Sifa, na mama yake Sifa hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mjane huyo aliwalea watoto wake peke yake, kutoka kambi hadi kambi. Alipoletewa habari za mchumba, alisema maneno machache tu: "Mdomo nimeusikia. Mkono sijauona."

Maneno hayo yalimkaa Wilonja kama mwiba wa samaki kooni. Jumamosi iliyofuata akamwomba shemeji yake Asukulu, mume wa dada yake, ampeleke kwenye barafu. Asukulu alikuwa mkaaji wa zamani. Alikuwa na hema, jiko la gesi la kuwasha ndani ya hema, suruali nene kama godoro, na minyoo hai aliyoiweka kwenye kikopo kifuani ili isigande. Wilonja alikuja na kile kikoti chake cha mtumba, cha kuvaa siku ya mvua, na mdomo.

"Shemeji, minyoo yangu haitoshi watu wawili," Asukulu akasema, akachakura chini ya sanduku lake. Akatoa kijichambo cha plastiki laini, rangi ya ufizi, chenye mkia mwembamba kama uzi. "Chukua haka. Kwa mdomo kama wako, samaki watakuja kukusikiliza tu."

Sasa sikilizeni jambo la kile chambo. Hakina harufu. Hakina damu. Ukikiweka mezani ni takataka. Uhai wake wote unatoka mkononi mwa aliyekishika: ukikivuta kwa nguvu samaki wanakimbia, ukikiacha kimya wanakipita, maana wakati wa baridi samaki wamekuwa wavivu kama sisi Jumatatu, hawafukuzi kitu. Wanataka kitu kinachotetemeka kidogo tu, mahali pamoja, kama kinaomba msamaha.

Wilonja hakuyajua hayo. Aliketi nje ya hema, kwa sababu aliona aibu kuomba nafasi karibu na jiko, akateremsha mshipi. Na samaki wakaja. Samaki bapa, wapana kama kiganja, wale wa kutosha kikaango kizuri. Akamtoa mmoja, akamtoa mwingine, ndoo ikaanza kupiga kelele. Asukulu akatoka hemani na minyoo yake hai, akasimama nyuma yake mdomo wazi. Wavuvi wa jirani wakasogea. Mmoja akauliza kwa ishara, unafanyaje? Wilonja akainua kifundo chake cha mkono, akakizungusha taratibu kama anayeonyesha saa ya dhahabu. "Huu mkono wa Fizi," akasema. "Haufundishwi. Unazaliwa nao."

Jioni hiyo ndoo iliingia nyumbani kwa Mama Sifa. Akawatazama samaki, akautazama mkono. Hakusema mengi, lakini siku ya posa ikapangwa, na akatangaza kwamba hatanunua nyama: wazee wa ukoo watakula samaki wa mkwe. Kisha akaenda dukani, akarudi na koti. Ndugu zangu, lile halikuwa koti, lilikuwa nyumba yenye mikono. Manyoya ndani, kofia hadi kwenye nyusi, glavu zimeshonewa kwa kamba kama za mtoto wa chekechea. Akamvika mwenyewe, akamfunga zipu. "Mkono wa namna hii usipigwe na baridi, baba."

Wilonja akalivaa kila mahali. Kanisani alilivaa. Nasikia hata alilala nalo. Na popote alipolivaa alihadithia habari ya mkono, na kila akihadithia mkono ulizidi, hata ikawa samaki walikuwa wanapanga foleni chini ya barafu na wengine wakaambiwa warudi kesho.

Asubuhi ya posa akaenda ziwani na Asukulu. Safari hii alikaribishwa ndani ya hema, kiti cha mbele, jiko miguuni, kama askofu. Koti limefungwa hadi kidevuni. Akateremsha kile kile chambo cha rangi ya ufizi. Ndani ya hema kuna giza, kwa hiyo ukichungulia tunduni unaona maji yote hadi chini, na Wilonja akawaona samaki kwa macho yake. Walikuja. Wakakizunguka chambo kilichoning'inia kimya kama kipande cha plastiki, maana ndicho kilichokuwa. Wakakitazama, wakaondoka, kama watu waliofika msibani wakakuta si kwao.

"Shemeji, mkono," Asukulu akanong'ona. "Tia ule mkono."

Wilonja akatia mkono. Akazungusha kifundo kama alivyowafundisha watu. Akavuta. Akakung'uta mshipi kama mkeka wenye mchanga. Samaki wa karibu wakatawanyika, na wa mbali wakapata habari. Jasho likamtoka ndani ya manyoya. Hata mchana ulipogeuka, ndoo ilikuwa bado inatoa mwangwi.

Nyumbani kwa Mama Sifa wazee walikuwa wameketi, ugali umefunikwa, sufuria ya mafuta iko tayari. Wilonja akaingia. Mama Sifa akachungulia ndooni, kisha akamtazama.

"Ni upepo, mama," Wilonja akaanza. "Upepo, na rangi ya chambo, na hawa samaki wa huku hawana malezi."

Mzee mmoja akakohoa. Nyuma ya pazia Sifa alikuwa amesimama, na Wilonja aliiona miguu yake chini ya kitambaa, haisogei. Akajua kwamba akiendelea kusema, miguu ile itaondoka.

"Baba," Mama Sifa akamwuliza polepole, "siku ile ulikuwa na nini ambacho leo huna?"

Wilonja akafungua mdomo. Ule mdomo mkubwa, wenyewe. Kwa mara ya kwanza ikatoka ile sehemu aliyokuwa akiiruka kila alipohadithia.

"Baridi, mama. Sikuwa na ujuzi wowote. Nilikuwa natetemeka tu."

Asukulu akaficha uso kwenye kofia, mabega yanaruka. Wazee wakaangua kicheko hadi kifuniko cha ugali kikalia. Mama Sifa hakucheka. Alinyanyuka, akaushika mkono wa Wilonja, akauvua glavu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Chumba kilikuwa na joto, mafuta yanachemka, koti limefungwa hadi kidevuni. Na ule mkono ulikuwa unatetemeka.

"Sasa nimeuona," akasema. Akamwita Sifa awaletee wazee maharage.

Nawe, ndugu yangu uliyevikwa koti na watu waliokusifu: chambo chako bado kinacheza, au kinaning'inia tu?