Kicheko cha Bibi Somoe

Paukwa!
Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe kule nyuma, acha kutafuna muwa, nataka nisikike. Zamani, zamani sana, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mkubwa wao, Bibi Somoe.

Watu wakigombana, Bibi Somoe hakuhukumu. Alipiga ngoma, ndu! ndu! ndu!, kijiji kizima kikatoka uwanjani, ugomvi ukachezwa upya. Kila mgomvi alimwigiza mwenzake. Waliobaki walikuwa majirani, walikuwa mbuzi, walikuwa mvua. Hakuna aliyekaa kutazama. Mchezo ukiisha, wagomvi walikuwa wameelewana, na watu wakala pamoja.

Siku moja wakagombana Mwanakombo na mdogo wake Siwatu, mjane mwenye mtoto mchanga. Mbuzi wa Siwatu walikuwa wamemaliza mtama wa dada yake.

Ndu! ndu! ndu! Watu wakatoka.

Wakabadilishana shuka. Sasa, Siwatu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na Mwanakombo, aliyemwigiza, alikuwa na hasira. Akaanza: "M-m-mbuzi w-w-wangu..." Watu wakaangua kicheko. Akazidisha. Waliokuwa mbuzi wakagaagaa chini, kwa kwa kwa! Na Bibi Somoe, ambaye neno lake moja lingetosha kuusimamisha mchezo, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Siwatu hakucheka. Alivua shuka la dada yake, akalikunja vizuri, akaliweka chini. Kesho yake nyumba ya Siwatu ilikuwa tupu.

Bibi Somoe alipouona mlango ule wazi, moyo ulimuuma. "Nimecheka," akasema. "Mimi, mkubwa wao, nimecheka." Akapiga ngoma, taratibu. "Mwanakombo, mchezo haukuisha. Rudia. Safari hii usituchekeshe."

Wakambebesha mtoto wa jirani mgongoni, mtungi kichwani, kamba za mbuzi mkononi. Mbuzi vuta huku, mbuzi vuta kule. Mtoto analia. Mtungi unayumba. Majirani wakacheza kama walivyokuwa siku ile mtama ulipoliwa: wamekaa barazani, wanazungumza. Hakuna aliyeinuka. Kamba zikamponyoka.

Mwanakombo akatua mtungi.

"Aliniita," akasema. "Alitaka nimshikie kamba. Neno likachelewa kumtoka, nami nikaenda zangu."

Bibi Somoe akafunga safari mpaka kijiji cha mbali alikohamia Siwatu.

"Mwanangu, nilikukosea. Rudi nyumbani."

"B-Bibi," akajibu Siwatu, na Bibi Somoe akangoja neno litoke, "n-nimekusameheni. Lakini k-kila nikifungua mdomo pale, nitakisikia kile kicheko."

Bibi Somoe akarudi peke yake, analia njia nzima.

Tangu hapo, mchezo ukianza, hakumtazama anayeigiza. Alimtazama anayeigizwa. Uso wa huyo ukibadilika tu, anausimamisha mchezo.

Basi, wenzangu, mchezo unaowaleta watu pamoja unaweza pia kumfukuza mtu. Ukiona mmoja hacheki, nyamaza kwanza, umwangalie. Watu walimsifu Bibi Somoe kwa busara hiyo mpaka anakufa. Lakini aliyemfunza hakurudi tena.

Hadithi yangu naitua hapa.