Ufa wa Zeze la Ndahani

Mtu mmoja alikuwa na zeze. Halikuwa zeze la maana machoni pa watu: kibuyu kilichoota chenyewe nyuma ya zizi, ngozi ya mbuzi mdomoni pake, na nyuzi zilizochomolewa kwenye tairi bovu la lori. Mtu huyo aliitwa Ndahani. Mkewe aliitwa Sechelela. Mwana wao wa pekee, Malogo, alikuwa ameondoka kwenda kutafuta maisha, kwa hiyo walibaki wawili tu, na nyumba ikawa kubwa ghafla.

Ndahani hakujaliwa maneno. Wanaume wengine huomba radhi kwa ulimi. Yeye aliketi kwenye kigoda jua likishuka, akakiegemeza kibuyu tumboni, akapitisha upinde taratibu. Sechelela akisikia hivyo, hata awe amenuna tangu asubuhi, aliacha ungo wake na kuanza kuufuatisha wimbo puani, polepole, kana kwamba anauimba usingizini. Akishaufuatisha, ugomvi umekwisha. Ndivyo walivyosameheana miaka yote ya ndoa yao, na njia nyingine hawakuijua.

Siku moja waligombana juu ya kijana wao: nani alimfukuza kwa ukali, nani alimharibu kwa kumdekeza. Sechelela aliinuka kwa hasira, akakipiga kumbo kigoda, na zeze lililokuwa juu yake likaanguka. Jioni ile Ndahani alilipiga kama kawaida. Sauti ilitoka kavu, kama ya mtu aliyeshikwa na kikohozi. Mbele ya kibuyu palikuwa na alama mpya, mstari mwembamba kama unywele, na kila mtu aliyeingia uani aliambiwa na Ndahani mstari ule umetoka wapi. Sechelela hakuufuatisha wimbo. Jioni ya pili hakuufuatisha, wala zilizofuata. Wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji, na mama yule akaanza kusema kwamba huenda akaenda kukaa kwa kaka yake mpaka mavuno. Ndahani alielewa maana yake. Mwanamke akienda kwa kaka yake mpaka mavuno, mavuno yanaweza kupita.

Basi alihitaji zeze lipone, na lipone upesi. Jirani yake Chilongani alimcheka. “Bwana we, zeze nalo la kukukosesha usingizi? Vibuyu vimejaa shambani, kata kingine.” Ndahani alikwenda hata shambani, akavigongagonga vibuyu vipya kwa kidole. Vilikuwa vizuri, vinang'aa, wala havikuwahi kusikia wimbo wowote. Akarudi mikono mitupu. Ng'ambo ya korongo alikuwako fundi wa mazeze, mtu hodari, na Ndahani alimfikiria pia. Lakini fundi yule alikuwa na desturi ya kubandua ngozi na kuangalia ndani watu wakiwa wamemzunguka, huku akieleza kwa sauti kila anachokiona. Ndahani aliona aibu. Akapiga moyo konde kwamba atalitengeneza mwenyewe.

Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Mimi simlaumu hata kidogo kwa hilo. Kitu cha nyumbani, tena cha bei ndogo, mwenyewe asipokishika kwa mkono wake nani atakionea uchungu? Lakini moyoni alikuwa na jambo lingine, na ninyi watu wazima mtalitambua bila mimi kutumia nguvu. Alitaka Sechelela amwone akitengeneza. Aliketi makusudi penye njia yake ya kwenda jikoni, alama ikielekea kwake, akayeyusha nta, akatoboa kibuyu kwa sindano ya moto, akaushona ule mstari, akapaka nta juu ya nta. Kila mama yule alipopita, Ndahani alipuliza pumzi ndefu.

Kisha alipiga. Sauti ilikuwa kavu vilevile, tena sasa na uzito, kwa ile nta iliyorundikana. Akaongeza nta.

Mchana mmoja wa joto kali usingizi ulimchukua palepale, zeze mapajani, na harufu ya nta ikamfuata ndotoni. Aliota yuko ndani ya kibuyu. Kilikuwa chumba cha mviringo, kuta zake za rangi ya asali, na nyuzi zilipita juu ya kichwa chake kama kamba za kuanikia nguo. Mbele yake palikuwa na ukuta alioupaka nta, mnene, na nyuma ya ukuta huo Sechelela alikuwa akisema kitu. Alisikia ni yeye, hakusikia anasema nini. Akatega sikio, akakwangua, akasukuma. Mahali pale palikuwa na mwanga mzuri ajabu, nao ulikiangusha kivuli chake mwenyewe mbele yake, kwenye nta. Hata ndotoni hakujiuliza mwanga huo unatoka wapi. Alipoamka machozi yalikuwa yamemkaukia shavuni, na uani palikuwa na kimya kile ambacho kuku huacha wanapolala kivulini.

Sechelela alikuwa amesimama mlangoni. Furushi lake la nguo lilikuwa limefungwa, liko miguuni pake. Alimtazama mumewe, akalitazama zeze lenye uvimbe wa nta kama jeraha lililofungwa na mtoto, na kitu fulani usoni mwake kikalegea. Ndahani alimpenda mkewe. Aliogopa sana wakati ule.

Lazima mjue kwamba katika nchi ile kushona kibuyu cha maziwa ni kazi ya wanawake, na kushona zeze ni kazi ya wanaume, na hakuna mwanamume ambaye angemwomba mkewe amwangalizie zeze, kama ambavyo yeye asingeombwa kusukutua kibuyu cha maziwa. Kibuyu ni kilekile, mmea mmoja utambaao umevizaa vyote viwili. Lakini wanawake wana jambo wanalolijua: kibuyu kinachovuja hakipimwi na mtu mmoja. Mmoja hupuliza pumzi ndani, mwingine hulowesha kiganja na kukizungusha nje, mpaka pumzi imguse.

Sechelela alilivuka furushi, akachuchumaa mbele ya mumewe, akatumbukiza mkono katika kata ya maji. Akamwonyesha kwa kidevu kile kitundu cha sauti kilichoko ubavuni. Ndahani akainama, akaweka midomo, akapuliza. Alipuliza akiwa amefumba macho, akingoja mkono ule usimame juu ya alama, ili mambo yajulikane, ili yeye amsamehe mkewe. Mkono ulipita juu ya alama bila kusimama. Ukazunguka. Ukaenda nyuma, mahali ambapo kibuyu kilikuwa cheusi kwa jasho la miaka mingi, mahali pasipoonekana kwa sababu ndipo panapokaa tumboni kwa mpigaji. Hapo ukatulia.

“Upepo unatokea huku, Baba Malogo,” alisema. “Upande unaokugusa wewe.”

Ndahani aligeuza zeze. Alifuta ule weusi kwa kidole gumba, na chini yake akaona ufa, mrefu na wa zamani, na pembeni kibuyu kilikuwa kimelika mpaka kuwa chembamba kama ganda la yai. Akatazama tumboni kwake. Chuma cha mkanda wake kilikuwa kinang'aa. Kila jioni, kwa kila wimbo wa kuomba radhi, chuma kile kilikuwa kinasugua. Na hapo akakumbuka jambo ambalo hakutaka kulikumbuka, kwamba sauti ilikuwa imeanza kukauka kabla ya siku ile ya kumbo, kabla hata Malogo hajaondoka.

Ulimi wake ulitafuta neno la kujitetea, nalo lilikuwapo, tena zuri. Akalimeza. Alifungua mkanda, akauweka chini. Akachukua sindano. Sechelela akakishika kibuyu kwa mikono miwili kisicheze, na yule bwana akaushona ufa wake mwenyewe, polepole, akisimama kila mara kupuliza na kuuliza kama pumzi bado inatoka, naye akijibiwa bado, au hapo imepungua.

Zeze lile halikurudia sauti yake ya zamani. Lilikuwa na mkwaruzo kidogo mpaka mwisho wa siku zake. Lakini jua liliposhuka jioni ile Ndahani alipiga, na baada ya muda mrefu, muda ambao yeye aliuona kama msimu mzima, Sechelela akaanza kuufuatisha wimbo puani.

Basi ninyi mnaooana leo, na ninyi mliooana zamani mkausahau mwaka, ninawauliza, nanyi mnijibu mkishafika nyumbani: kabla hujaanza kuziba, ni nani uliyemruhusu akuonyeshe upepo unatokea wapi?