Mahali Pasipompendeza Mtu

Hapo zamani, wakati bibi yangu bado anaota meno, na nyinyi ni mashahidi kwamba sasa hana hata moja, palikuwa na kijiji juu milimani kinaitwa Kwemzinga. Tulieni basi. Wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, leo nataka nisikike.

Watu wa Kwemzinga walikuwa na desturi yao. Ukioa, humpeleki mkeo nyumbani moja kwa moja. Thubutu! Kwanza mnaingia porini, wewe na yeye, mkeka mmoja na kibuyu cha maji, mkalale nje siku tatu mahali pasipojulikana. Vijana wa ukoo wa biarusi wanawatafuta. Jua la siku ya tatu likizama hamjaonekana, ndoa imesimama. Mkionekana, kiongozi wao anapuliza pembe, biarusi anarudishwa kwao mpaka mavuno mengine, na bwana harusi anarudi kijijini kinyumenyume huku watu wanamzomea. Mkionekana mara tatu, basi tena. Ndoa imekufa, kila mtu akatafute wake.

Kusaidiwa kulikuwa ruksa. Atakayewaficha, jina lake ndilo atakalopewa mtoto wenu wa kwanza. Huyo ndiye somo yake. Na msiniulize kama ni la kike au la kiume. Kwao jina lilikuwa jina tu.

Sasa, palikuwa na msichana akiitwa Nakijwa, na mwanamume aliyempenda akiitwa Kajiru. Kajiru alikuwa mchapakazi, mpole, mcheshi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda mahali pazuri.

Mwaka wa kwanza akamwambia, "Mke wangu, nimepata mahali, mwenyewe utanishukuru." Akampeleka kwenye maporomoko ya maji, penye kivuli na majani laini. Nakijwa akatandika mkeka. Hajaketi hata kitako, wakatokea akina mama saba na makapu ya nguo chafu. Ndipo walipokuwa wakifulia tangu enzi na enzi! Pembe ikalia kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka wa pili Kajiru akasema, "Safari hii nimetumia akili." Wakapanda, wakapanda, mpaka juu ya mwamba mrefu. Upepo mwanana, macho yanafika mbali. "Ona, Nakijwa! Tunakiona kijiji kizima!" Kweli walikiona. Na kijiji kizima kikawaona wao. Pembe ikalia.

Aliyepuliza mara zote mbili alikuwa kaka yake Nakijwa, jina lake Mrutu. Huyo Mrutu alikuwa kiongozi wa watafutaji miaka tisa, na hakuwahi kukosa. Si kwamba alimchukia dada yake. Kazi ni kazi, na pembe ile aliipenda kama alivyozipenda mboni za macho yake.

Nakijwa akalia. Alimpenda Kajiru, upuuzi wake na vyote. Mwaka wa tatu ulipokaribia akafikiri, mume wangu nikimwachia achague tena, nitaolewa na mwingine. Akaenda kwa mjomba wake, Senzige, mrina asali aliyekuwa akizunguka pori mchana kutwa.

"Mjomba, nitafutie mahali."

"Pa namna gani?"

"Pasipoonekana na mtu."

Mjomba Senzige akacheka. "Mwanangu, mahali pazuri pana wenyewe. Ukitaka kujificha, usitafute panapokupendeza wewe. Tafuta pasipompendeza mtu yeyote."

Akatafuta mwezi mzima. Akifika mahali, kwanza anatazama chini. Pana kinyesi cha mbuzi? Wachungaji wanapita, twende mbele. Kisha anatazama miti. Pana tawi lililokatwa kwa panga? Wanawake wanachanja kuni, twende mbele. Pana maji? Aa, hapo ndiyo kabisa, twende mbele. Mwisho akapata kishimo kati ya vichaka vya miiba, ubavuni mwa mlima, si mbali na kijiji. Hakuna maji, hakuna kivuli cha maana, na ukikaa unatazama udongo mwekundu usoni kwako. Kajiru alipopaona alishika kichwa.

"Mjomba, hapa hata nyoka hawezi kulala!"

"Ndiyo maana mtalala nyinyi."

Wakaingia, mjomba akaondoka zake. Siku ya kwanza watafutaji wakaenda maporomokoni, wakaenda mwambani, wakarudi mikono mitupu. Lakini jioni ile Kajiru akaanza kulalamika njaa. Alikuwa na mahindi na maharage kwenye mfuko, akataka kupika makande. Makande, jamani! Chakula kinachochemka nusu siku! Moshi wake ungeonekana mpaka kwa jirani wa jirani. Tayari alikuwa ameinama anapanga mafiga, Nakijwa anamvuta shati, mara miiba ikatikisika.

Alikuwa bibi yake Nakijwa, Bibi Namkunda, na kikapu kichwani. Alikuwa amembana mwanawe Senzige mpaka akataja mahali penyewe, kisha akawaaga watu kwamba anakwenda kuchuma dawa ya mgongo.

"Acha hayo mafiga, mkwe," akasema. "Ndizi zilizokwisha kuchomwa hizi hapa. Kuleni, na moto msiuguse." Akaja jioni ile, akaja na kesho yake asubuhi. Kajiru akashiba, mahindi yakabaki mfukoni, moshi haukupanda.

Lakini Bibi Namkunda alikuwa mtu wa ugoro. Kibweta chake cha ugoro alikiweka humohumo kikapuni, na asubuhi ya siku ya pili kilikuwa kimefunguka. Kajiru alipouma ndizi ya tatu, pua ikamwasha. Akaibana. Nakijwa akamsaidia kuibana. Na wakati huohuo, chini yao kidogo tu, Mrutu na wenzake wakawa wanapita.

Chyaa!

Watafutaji wakasimama. Mrutu akapanda peke yake, akasogeza miiba, akachungulia. Akamwona shemeji yake, machozi yanamtoka, ndizi mkononi. Akamwona dada yake. Nakijwa alimtazama tu. Mrutu akaishika pembe, akaipandisha mpaka mdomoni, mkono ukasita hapo.

Kisha akaishusha. Akairudisha miiba taratibu.

"Kuna nini?" wakamwuliza kutoka chini.

"Nguruwe pori. Tena jike, ana watoto. Tuondokeni."

"Nguruwe gani anapiga chafya?"

"Wa huku wanapiga," akasema Mrutu. Ndani ya kichaka Kajiru akapiga ya pili, na Mrutu naye akapiga yake kubwa zaidi kuifunika, akafuta pua, akawaongoza wenzake upande mwingine wa mlima. Na huko akawazungusha mpaka siku ya tatu jua likazama.

Ndoa ikasimama. Vigelegele, ngoma, watu wakala wakasaza. Lakini kiongozi aliyekosa hapewi nafasi ya kukosa tena. Mrutu akanyang'anywa pembe, akapewa binamu yake, na vijana wakambatiza jina, wakamwita Kipofu. Akipita, wanamwuliza kama anaiona njia.

Mwaka ukazunguka, Nakijwa akajifungua. Siku ya kumpa mtoto jina, watu wamejaa uani, baba mkwe amesimama mlangoni anasubiri. Desturi ni kwamba mama anatoka na mtoto mikononi, anataja jina la somo, na anatamka mbele ya wote alichokitenda huyo somo. Na juu ya kichwa cha mtoto mchanga hakuna aliyethubutu kusema uongo. Nyinyi mngethubutu?

Ndani ya nyumba walikuwa Nakijwa na mtoto, Kajiru, mjomba, bibi na Mrutu.

Mjomba Senzige akaanza. "Mtoto ni wangu mimi. Mwezi mzima nimechomwa na miiba. Nani aliwapa mahali? Watu kumi na wawili wametafuta siku tatu. Bila mimi, huyu mumeo angewapeleka sokoni, maana pale napo pana kivuli kizuri."

"Mahali!" akadakia Bibi Namkunda. "Mahali panalika? Ulimwacha mwanamume na mahindi mabichi na njaa, ukaenda zako. Moshi ungepanda siku ileile. Mahali pako pangekuwa na faida gani?"

"Na chafya ililetwa na nani, mama? Si ugoro wako?"

"Ugoro ni bahati mbaya. Chakula nilikileta kwa makusudi. Na mgongo huu unavyoniuma, hebu panda ule mlima mara mbili!"

Kajiru akainua kidole. "Hata mimi chafya ya tatu niliizuia."

"Nyamaza!" wakasema wote kwa pamoja.

Mrutu alikuwa ameketi kwenye kona. Nakijwa akamwambia, "Kaka, sema na wewe."

"Sidai kitu," akasema Mrutu. "Ila mmeniuliza, nitasema. Mahali pa mjomba nilipaona. Chakula cha bibi nilikiona. Na nyinyi wawili niliwaona. Kwa hiyo vichaka havikuwaficha, na ndizi hazikuwaficha. Mmefichwa na mdomo wangu, na mpaka leo bado mmo humo. Nilikipenda kile nilichokipoteza, dada. Nisikudanganye, naumia."

Nakijwa alijua kaka yake anasema kweli.

"Kweli tupu," akasema mjomba polepole. "Sasa itoe nje uone. Ukimtaja yeye utatamka kwamba aliwaona. Ikisemekana mlionekana, hiyo ni mara ya tatu. Hakuna ndoa. Leo hii utarudi kwetu, na Kajiru ataoa mwingine. Nitaje mimi, yaishe."

"Nikutaje wewe niseme nini, mjomba? Kwamba ulituficha tusionekane? Na tulionekana?"

"Basi nitaje mimi," akasema bibi. "Sema, alitulisha tusiwashe moto. Hapo hakuna uongo."

"Hakuna uongo, bibi. Lakini hao waliojaa nje wanauliza aliyetuficha. Nao wataendelea kumwita kaka yangu Kipofu mpaka anakufa."

Mrutu akatazama chini. Kajiru akamshika mkewe bega.

Baba mkwe akagonga mlango. "Mwanangu, jua linakwenda. Somo ni nani?"

Nakijwa akamfunika mtoto vizuri, akasimama, akasukuma mlango. Uwanja mzima ukanyamaza.

Haya, na nyinyi nyamazeni kidogo mfikiri, maana mimi nimeisimulia miaka na sijawahi kulala usingizi mzuri baada yake. Aliyepata mahali, aliyezuia moshi, au aliyeona akafumba mdomo? Mtoto yuko mikononi mwenu sasa, watu wanasubiri. Je, mnataja jina la nani?