Suruali ya Mpira na Jina la Mtoto

Hapo zamani, kule juu kwenye baridi, kunakolimwa pareto, ambako ukiongea asubuhi moshi unakutoka mdomoni, alikuwepo mama mmoja, Tumpe. Alijifungua mtoto wa kike, na maziwa yakagoma. Mtoto ananyonya, hapati kitu. Analia, sauti inazidi kupungua. Mume wa Tumpe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya chai.

Sasa watu wa kule walikuwa na desturi yao. Mzazi aliyekosa maziwa hupikiwa supu ya samaki wa bwawa lililo chini ya maporomoko, samaki mweusi, mnene. Na anayeleta maziwa ndiye humpa mtoto jina. Baba hana neno, babu hana neno. Na majina ya kule hayachagui, la mwanamume hupewa hata mtoto wa kike.

Lakini maji ya bwawa lile, wajukuu zangu, si ya kuchezea. Ukiingia miguu mitupu, inakufa ganzi kabla hujafika kwenye mwamba wanakojificha samaki. Kijiji kizima kilikuwa na kinga moja tu, suruali ya mpira, buti na suruali vimeungana, inapanda mpaka kifuani. Mgeni mmoja mpenda kuvua aliiacha alipoondoka. Ilining'inia kwenye kibanda cha kukaushia pareto, nayo ilikuwa inavuja. Inavujia wapi? Waliigeuza huku na huku, hawakuona kitu.

Akaja bibi Subilaga, mrina asali. Alileta kopo lake la kufukizia nyuki, akaijaza suruali moshi, akaifunga juu kwa kamba. Kisha akaikamata kwenye nyayo za buti, akaiminya. Watu wakacheka, wakasema leo suruali inavuta sigara. Mara moshi ukachungulia nyuma ya goti, mwembamba kama uzi.

"Mwizi wetu huyu hapa," akasema.

Akaja Gwamaka, shemeji yake Tumpe. Baiskeli yake ndiyo iliyokuwa ikipeleka viazi vyake sokoni, na tyubu ya akiba hakuwa nayo. Akaipindua baiskeli, akachomoa tyubu nzima, akaikata kwa mkasi. Akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akapuliza, akabandika kiraka. Msimu ule viazi vyake vilichipua vikiwa bado nyumbani.

Akaja Anyitike. Huyu hakuwa na mke wala mtoto, na walimtania kwamba hata mbwa wake ana wajukuu. Akavaa suruali, akabeba mgono wake wa kutegea samaki, akaingia majini. Kiraka kikashika, tone halikupita. Lakini alipofika katikati akahisi maji kisiginoni. Kumbe lilikuwepo tundu la pili, chini ya buti la kushoto, palepale alipokamata bibi Subilaga wakati akiminya. Kiganja chake kilikuwa kimeliziba.

Gwamaka akamwita kutoka ukingoni, atoke haraka. Anyitike hakutoka. Maji yakampanda ndani kwa ndani mpaka mapajani, suruali ikawa nzito kama amebeba mtu. Alitega, akangoja, akapata. Ukingoni walimpokea mikononi, maana miguu ilikuwa haimsikii. Vidole vya mguu wa kushoto havikupata fahamu tena.

Supu ikapikwa. Tumpe akanywa, na maziwa yakalowesha khanga yake. Mtoto akanyonya mpaka usingizi ukamchukua chuchu ikiwa mdomoni.

Ikaja siku ya jina. Bibi Subilaga akaanza.

"Bila moshi wangu mngekuwa mnaitazama ile suruali mpaka leo. Nilizaa binti mmoja, nikamzika hajaota meno. Nataka nisikie jina lake likiitwa aje kunywa uji."

"Bibi," akasema Gwamaka, "moshi ulionyesha tundu, haukuliziba. Na la pili ulilificha kwa mkono wako. Mimi nimekata riziki yangu kwa mkasi. Jina la marehemu baba linasubiri mtoto."

"Na wewe uliyelipakata buti ukibandika, hukuona?"



Anyitike alikuwa amekaa pembeni, mguu ameunyoosha. Aliongea taratibu.

"Ni kweli, bila wao nisingefika katikati. Lakini nilipofika, palikuwa na mimi na maji tu. Nyie mna watu wa kuwaita. Mimi nikifa, jina langu linafungwa kwenye jamvi pamoja nami."

Tumpe akamfunika mtoto vizuri.

"Zungumzeni polepole, amelala," akasema. "Ila akiamka, nataka niwe na cha kumwita."

Basi, wajukuu zangu mnaoota moto, msinitazame mimi. Mtoto anajinyoosha, sasa hivi atafumbua macho. Yupo wa moshi, yupo wa kiraka, yupo wa mguu uliokufa ganzi. Je, nani alistahili kumpa jina?