Mshubiri wa Zimwi

Sogeeni, kisa kimebisha hodi na mkeka upo!

Zimwi alikalia chemchemi ya kijiji, kila nyumba ikawa inapata mtungi mmoja tu wa maji. Siku moja akawagawia wanawake miche ya mshubiri, akanguruma: "Nitakayemkuta na mche hai nikirudi, chemchemi ni yake. Mkiiua yote, nawameza!"

Kwa hofu, wanawake wakaimwagia miche maji ya kunywa, watoto wakalala na kiu. Mbeyu, mjane wa mfinyanzi, akapanda wake katika chungu kilichotoboka, ndani ya mchanga na changarawe. Akaja na kata ya maji, akabonyeza jani.

"Nimeshiba, mama," jani likasema. Mbeyu akamnywesha mwanawe.

"Huna huruma na mche wewe!" majirani wakamkemea.

Akaja tena na kata. "Nimeshiba, mama." Akamnywesha mwanawe.

Jua likawaka hadi mawe yakapasuka. Akaja mara ya tatu, akakuta jani limenywea. "Sasa nionjeshe, mama." Akaumwagia mche, maji ya ziada yakatokea tunduni.

Zimwi akarudi. Nyumba hii mizizi imeoza, nyumba ile imeoza, nyingine inanuka. Kwa Mbeyu, mshubiri umenenepa na kuchanua!

"Umefanyaje?"

"Niliuuliza kwanza, babu."

Zimwi akamtazama kwa heshima, akashusha pumzi. "Chukua chemchemi. Mimi sijawahi kushika kata ya maji nikaacha kuinywa."

Kisa changu kimeshiba. Msikitie maji.